Shamba lisisafishwe hadi udongo ubaki uchi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nipinge ushauri ambao sisi wakulima wa mboga na mahindi wa Malindi hupewa kila mvua za mwaka zinapokaribia, kwamba shamba la kisasa ni lile lenye zao moja kwa mistari iliyonyooka, lililopaliliwa hadi lisionekane jani jingine lolote kati ya mche na mche, na kwamba wadudu wakitokea, dawa zipo kwenye agroveti. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na katika jambo la mistari sina ugomvi nao. Katika jambo la wadudu, hata hivyo, umekaa kinyume, kwa sababu shamba la namna hiyo ndilo linalomrahisishia mdudu kazi, kisha mkulima akauziwa chupa ya kutengeneza kilichoharibiwa na jembe lake mwenyewe.

Inafaa kwanza ielezwe jinsi mdudu anavyoifikia mboga, maana wengi wetu hudhani kwamba huinusa kutoka mbali akaiendea moja kwa moja. Harufu humjulisha tu kwamba chakula kipo karibu. Kutua ni kazi ya macho. Watafiti wawili wa Uingereza, Stan Finch na Rosemary Collier, walieleza mwaka 2000, baada ya kuwachunguza kwa muda mrefu wadudu wanaoshambulia kabichi, kwamba mdudu jike anayetafuta pa kutagia, akishaipata harufu, hushuka na kutua juu ya kitu chochote cha kijani kilicho chini yake, huku akiuepuka udongo mtupu. Akitua juu ya jani hulionja kwa miguu, huruka kidogo, hutua tena, na hutaga baada tu ya kukutana na jani linalomfaa mara kadhaa mfululizo. Kabichi iliyosimama peke yake juu ya udongo uliopaliliwa haimpi nafasi ya kukosea, kwani kila anapotua hukutana na kabichi. Iliyozungukwa na majani ya mimea mingine humvuruga: atatua kwenye kabichi, atatua kwenye kisichokuwa kabichi, ataanza upya, na mara nyingi atakwenda zake bila kutaga. Kilichowashangaza wengi ni kwamba katika majaribio ya aina hiyo hata mimea bandia iliyokatwa kwa karatasi ngumu ya kijani ilipunguza mayai, nayo karatasi haina harufu ya kumfukuza mdudu yeyote.

Nimeanza na jambo hilo kwa makusudi, kwa sababu siku hizi mazungumzo ya kupanda mimea wenza, yaani mimea mingine inayochanganywa na zao ili kulikinga na wadudu, yamegeuzwa kuwa mazungumzo ya harufu peke yake, kana kwamba mche mmoja wa mrihani kwenye kona ya shamba ni hirizi. Mrihani ninauheshimu, na hakuna ua wa nyumba Malindi unaokosa japo shina moja la kutilia kikuba, lakini miche minne katika robo ekari ya nyanya haitamzuia mdudu. Kinachofanya kazi ni wingi wa majani mengine kati ya mboga na mboga, na mpangilio unaomjua mdudu fulani na tabia yake.

Wazee wa Ganda, Kakuyuni na Magarini walilima hivyo kabla ya utafiti wowote kuandikwa. Shamba lao la mvua lilikuwa na mahindi juu, kunde zikitambaa chini, mbaazi pembeni, muhogo ukingoja zamu yake, na mchunga ulioota wenyewe ukiachwa kwa kuwa ni mboga. Afisa mmoja wa nyanjani aliwahi kuliita shamba la namna hiyo msitu, tena mbele ya mwenyewe. Ilhali utafiti uliofanywa Mbita, kando ya Ziwa Victoria, katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba kunde zilizopandwa kati ya mahindi hushambuliwa na thripsi wa maua, wadudu wadogo mno, wachache kuliko kunde zilizo peke yake, na sehemu ya sababu ni kivuli cha mahindi hayo. Mahindi nayo hufaidika na kunde. Nondo ambaye viwavi wake hutoboa mabua hukosea akataga baadhi ya mayai juu ya majani ya kunde, na kiwavi aliyeanguliwa hapo, ambaye ni mdogo kuliko punje ya mchele, hana budi kusafiri ardhini kutafuta muhindi. Wengi hufa njiani au huliwa na sisimizi.

Maarifa haya yamepelekwa mbali zaidi hapa hapa Kenya kuliko mahali pengi duniani, na ni ajabu kwamba mkulima wa Pwani huyasikia kama habari za ugenini. ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kilishirikiana katika miaka ya 1990 na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, kazi ikiongozwa na Dkt Zeyaur Khan, kubuni mbinu iitwayo Vuta Sukuma. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, na kulizunguka shamba hupandwa mistari mitatu ya nyasi ya nepia. Desmodiamu hutoa harufu inayofanana na ile ambayo muhindi huitoa unapoliwa, kwa hiyo nondo anayekuja kutaga huona mahali pamekwisha kukaliwa akageuka, huku nyigu wadogo wanaowinda viwavi wakivutwa na harufu hiyo hiyo. Nepia hufanya kinyume chake. Katika saa ya kwanza ya giza, wakati ambapo nondo hutoka kutafuta pa kutagia, nyasi hiyo hutoa harufu ya kuwaita kwa wingi kuliko muhindi. Wakishataga hapo, viwavi wao wanaojaribu kupenya bua hukutana na utomvu unaonata, na wachache mno ndio wanaosalia kuwa nondo. Hapa, basi, harufu ina kazi ya kweli, lakini ni harufu ya mistari mizima iliyopangwa dhidi ya mdudu anayejulikana, wala si ya chungu kimoja cha maua.

Sitaki mtu aondoke na fikira kwamba mbinu hiyo ingehamishwa kutoka Mbita, ilikojaribiwa, hadi hapa bila kubadilishwa. Nepia huteseka mchanga wetu unapokauka kuanzia Januari hadi Machi, wakati kaskazi inavuma na kisima kinashuka. Kwa sehemu kavu watafiti waliibadilisha nepia wakatumia nyasi ya brakiaria, na wakachagua aina ya desmodiamu inayostahimili ukame zaidi. Hiyo ndiyo iliyopimwa baada ya viwavijeshi vamizi kuingia Kenya mwaka 2017. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 kutoka mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania yalionyesha kwamba idadi ya viwavi kwa kila muhindi ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 ikilinganishwa na mashamba ya mahindi peke yake. Zaidi ya hayo desmodiamu huurutubisha udongo kwa naitrojeni, na pamoja na brakiaria hukatwa kulisha mbuzi na ng'ombe, jambo ambalo kwa familia yenye mbuzi wachache lina uzito kuliko hesabu za viwavi.

Kuna tatizo moja ambalo halizungumzwi. Desmodiamu ni mmea wa miaka. Hupandwa mara moja ukabaki, na huchukua msimu mzima kushika vizuri. Anayekodi kipande cha ardhi kando ya Mto Sabaki kwa msimu mmoja, au anayeishi Magarini bila hatimiliki akijua anaweza kuhamishwa, hawezi kulaumiwa akichagua chupa inayofanya kazi kesho. Mtu kama huyo afadhali aanze na kunde, ambazo zitafunika udongo katika wiki chache, zikaliwa majani, zikaliwa mbegu, na zikamwondokea pamoja na mahindi.

Nije kwenye minazi, ambapo Pwani ina ushahidi wake yenyewe na inaupuuza. Wengi wameona vidaka, yaani nazi changa kabisa, vikipukutika kabla ya kufika kitale, vingine vikiwa na makovu na utomvu, na wakalaumu ukame au jicho la jirani. Mara nyingi anayehusika ni kunguni wa minazi, ambaye wataalamu humwita Pseudotheraptus wayi. Hufyonza vidaka vichanga, na wachache tu hutosha kuukosesha mnazi mazao. Jina lake la pili limetokana na Michael Way, aliyemchunguza kisiwani Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuonyesha kwamba mlinzi mkubwa wa mnazi ni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kwa nyuzi wakafanya viota juu ya miembe na michungwa. Mnazi wenye maji moto wengi huponea. Mnazi usio nao huliwa. Kunguni huyo huyo hushambulia korosho, na maji moto huzilinda hizo pia.

Hapo ndipo mimea wenza inapoingia, kwa namna ambayo nadhani wachache wameifikiria. Mnazi si nyumba nzuri ya maji moto, kwa sababu majani yake hayashoneki kwa urahisi kama ya mwembe, mchungwa, mpera au mstafeli. Miti hiyo ikipandwa katikati ya minazi huwapa makao na daraja la kupitia kutoka mti hadi mti bila kushuka chini. Chini wana adui, chungu mdogo mwenye kichwa kikubwa ambaye hujenga ardhini, huwafukuza maji moto, na hana faida yoyote kwa mnazi. Uchunguzi uliofanywa Tanzania ulionyesha kwamba ardhi chini ya minazi ikiachwa na majani mafupi badala ya kufyekwa hadi mchanga, yule chungu wa chini hupata chakula chake huko huko na hupunguza kupanda mitini, na maji moto wakaongezeka. Kwa mara nyingine, ardhi iliyosafishwa sana ilimfaidi mharibifu.

Najua wagema na wakwezi watanicheka, kwa sababu maji moto huuma kweli kweli, na wengi wao huvichoma viota kwa mienge kabla hawajapanda. Wako wanaojipaka majivu mikononi na miguuni. Wako wanaopanda alfajiri wakati chungu hao bado wamelala kwa baridi. Vilevile ni haki kusema kwamba maji moto huwalinda baadhi ya wadudu wadogo wa kufyonza utomvu kwa ajili ya utamu wanaoutoa, kwa hivyo si malaika. Hata hivyo nikipewa kuchagua kati ya kuumwa na kununua nazi sokoni huku nina minazi yangu, nitaumwa.

Kuhusu mboga za kumwagilia, marigoldi ndilo ua linalotajwa kuliko yote, na ndilo linalotumiwa vibaya kuliko yote. Lina kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni dhidi ya minyoo fundo, wale wasioonekana kwa macho wanaoacha vinundu kwenye mizizi ya nyanya, na ambao katika udongo wa kichanga kama wetu hawana simile. Mizizi ya marigoldi hutoa kemikali inayowadhuru, lakini hufanya hivyo pale tu mizizi yenyewe inapofika. Kupanda ua moja kando ya kila mche wa nyanya ni pambo. Anayetaka kupunguza minyoo hana budi kukijaza kitalu chote marigoldi kwa miezi miwili au mitatu, aing'oe au aifukie, ndipo apande nyanya. Kwa maneno mengine, atoe msimu. Wako watakaoona gharama hiyo ni kubwa, na kwa bei ya nyanya ya baadhi ya miezi sitabishana nao.

Kazi ya pili ni ya mtego. Nchini India wakulima hufundishwa kupanda mstari mmoja wa marigoldi kwa kila mistari 16 ya nyanya ili nondo wa funza anayetoboa matunda atage kwenye maua badala ya nyanya. Siri imo katika umri: mche wa marigoldi hupandikizwa ukiwa mkubwa kuliko wa nyanya, ili yote yachanue wakati mmoja, kwani ua likichelewa nondo atakuwa amekwisha kutaga kwenye nyanya. Na mtego usiokaguliwa ni kitalu cha kulelea funza. Viwavi walio mauani lazima waokotwe wauawe. Wanaosema kwamba kilimo cha mimea wenza ni cha wavivu hawajawahi kukagua mistari ya marigoldi jua la saa sita.

Rahisi kuliko yote ni dania. Wauzaji huing'oa ikiwa changa, na hiyo ndiyo biashara, lakini kipande cha mwisho wa tuta kikiachwa kichanue, maua yake madogo meupe huwalisha inzi wa maua na nyigu wadogo. Inzi wa maua aliyekomaa hula utamu wa maua na chavua. Watoto wake ndio wanaokula vidukari, tena kwa uroho. Wabrazili wamepima nyanya zilizochanganywa na dania wakaona inzi weupe wakipungua. Haigharimu chochote isipokuwa fungu moja la kuuza.

Kuchanganya nako kuna miiko yake. Nyanya, biringani, viazi na mnavu ni ukoo mmoja na hugawana maadui. Anayepanda mnavu katikati ya nyanya kwa kudhani amechanganya mazao amemtandikia meza nondo wa Tuta absoluta, aliyeonekana nchini tangu 2014. Kwa mdudu huyo, ambaye mabuu wake hujificha ndani ya jani na ndani ya tunda, sijaona mimea wenza ikitosha peke yake. Yanahitajika mitego ya harufu ya jike, kuokota na kuangamiza matunda yaliyotobolewa, na wavu kwenye kitalu cha miche. Anayemwahidi mkulima zaidi ya hapo anamdanganya.

Kuna pia suala la dawa kuua wasaidizi. Mwaka 1993 nyigu mdogo aitwaye Cotesia flavipes aliletwa kutoka Pakistan akaachiliwa katika Pwani yetu kumdhibiti kiwavi wa mabua aliyetoka Asia, na akashika makao. Mwaka huo huo ulianza mradi wa Kipepeo wa Gede, ambao kwao wanakijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hulea viwavi hadi wajifunge kuwa pupa, wakauza pupa hizo za vipepeo nje ya nchi. Jirani wa watu hao anayepuliza dawa kali asubuhi yenye upepo wa kusi huharibu riziki isiyokuwa yake, na mwenye nyuki pia humlaani kwa haki. Sisemi dawa zipigwe marufuku. Nasema zisiwe jambo la kwanza, na zikitumika zipulizwe jioni nyuki wakisharudi, tena siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye chupa ziheshimiwe, jambo ambalo kila mnunuzi wa sukuma wiki sokoni analitamani na hawezi kulihakikisha.

Nimesikia pingamizi mbili zenye maana. Moja ni nyoka: watu husafisha kwa kuogopa kuumwa, hasa watoto wanapocheza karibu. Nakubali, na uwanja wa nyumba na njia zibaki safi. Ninayoyasema ni ya shambani. Nyingine ni maji. Mmea mwenza hunywa, na katika mchanga unaomwagiliwa kwa ndoo kila tone lina mwenyewe. Kwa miezi ya ukavu afadhali udongo ufunikwe kwa makuti au nyasi kavu, hata kama kinga yake dhidi ya wadudu ni ndogo kuliko ya majani mabichi, na mimea wenza ingoje mvua.

Ninachoiomba idara ya kilimo ya kaunti ni kitu kidogo. Kituo cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kipo Mtwapa, ndani ya Kaunti ya Kilifi. Kiombwe kisaidie kuzalisha vipando vya brakiaria na mbegu za desmodiamu zinazofaa hali ya hewa yetu, viuzwe kwa bei ambayo mkulima wa ekari moja ataimudu. Kisha kabla ya mvua za mwaka ujao patengwe shamba la mfano huku kaskazini, Sabaki au Gongoni, nusu yake ipandwe mahindi safi kama tunavyofundishwa, nusu yake mahindi yenye kunde au desmodiamu, na pande zote mbili zisipulizwe dawa. Wakulima wenyewe waalikwe kila wiki wahesabu viwavi pamoja na maafisa, na wakati wa mavuno magunia yapimwe mbele ya watu. Hesabu hizo zibandikwe sokoni Malindi, hata zikitoka kinyume na niliyoyaandika hapa.

Wako mtiifu,
Mkulima wa mboga,
Sabaki, Malindi